Herufi Asiyoiweza Tito

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii niliambiwa niamkiane na kipande cha mti.

Sikuwa nimeajiriwa kwa hilo. Niliajiriwa kupika. Kikundi chetu cha uelimishaji kilikuwa na jengo pale Same mjini, la mabati, upepo wa tambarare unalipiga kutwa nzima, na kazi yangu ilikuwa makande na chai ya wasanii. Ila nilikuwa na mchezo wangu wa utotoni. Nikiwa peke yangu jikoni nalia kama mbuzi bila kufungua mdomo, mlinzi anatoka mbio na fimbo kumfukuza mbuzi bustanini, anazunguka, anarudi hana mbuzi. Siku hiyo sikujua kwamba Mratibu wa kikundi, mzee mnene aliyevaa suruali ya kamba za mabegani, amesimama mlangoni ananitazama.

"Huyo mbuzi yuko wapi?" akauliza.

"Amekimbia, Mzee."

"Hajakimbia. Yumo kooni mwako. Acha mwiko, njoo huku."

Ofisini kwake akafungua sanduku akatoa mtoto wa mti. Mvulana, kaptula ya kaki, shati jeupe, kichwa cha ukubwa wa papai. Macho yake ya kioo yalikuwa yametengwa kidogo pembeni, hivyo ukikaa mbele yake unaona kama anamtazama mtu aliye nyuma yako. Utageuka. Kila mtu alikuwa anageuka. Mratibu akamkalisha gotini pangu.

"Mwamkie."

"Mimi ni mkubwa kwake, Mzee. Yeye ndiye aniamkie."

"Haya. Basi msubiri."

Tukakaa, na yule mtoto wa mti anamtazama aliye nyuma ya Mratibu. Ulipopita muda wa kunichosha, nikambana koo yule mbuzi wangu na kumtoa mtoto: "Shikanoo." Na kabla sijafikiri, mdomo wangu ukajibu wenyewe, kwa sauti, "Marahaba." Dirishani nako mlinzi, aliyekuwa bado anatafuta mbuzi, akaitika, "Marahaba, mwanangu!"

Mratibu alicheka mpaka kamba moja ikafyatuka begani. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Umeona?" akasema. "Wawili wameitika, na aliyeamkia hayupo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kesho nitatafuta mpishi mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Nawaandikia nyie mnaotaka kujua tulivyofanya, kwa sababu siku hizi mnaniletea simu yenye sauti ya mtu aliyekufa inayoimba wimbo ambao hakuuimba, mnaniambia, Bibi, ajabu hii. Kaeni chini niwaambie ajabu.

Kazi yetu iliitwa usemeshaji. Msemeshaji anakaa mbele ya watu, sanamu gotini, mkono wa kulia umeingia mgongoni mwa sanamu. Ndani kuna kijiti cha shingo, hicho kinageuza kichwa, na kuna uzi wa taya. Ukivuta kwa kidole cha kati, taya linashuka. Ukiachia, kuna mpira unalirudisha. Vidole vinafanya kazi yao, koo kazi yake, na uso wako unafanya kazi ngumu kuliko zote: unasikiliza. Unamgeukia mtoto wa mti, unashangaa alichosema, unamkemea. Msemeshaji asiyejua kusikiliza, hata akiwa na koo la dhahabu, watu wanaona mdomo wake tu.

Mratibu alinifundisha kwa njiti ya kibiriti. Nilishika njiti kwa meno, midomo wazi kiasi cha njiti, nikasema alfabeti. Nyingi zinapita. Zinazokataa ni zile zinazotaka midomo ikutane: M, B, P. F na V nazo zina usumbufu wao. Huwezi kusema M huku mdomo uko wazi. Jaribu sasa hivi. Kwa hiyo msemeshaji anaazima jirani: M anaifanya N, B anaifanya D, P anaifanya T, na anapita haraka haraka kabla sikio halijadai. Ndiyo maana mtoto wetu aliitwa Tito. Jina hilo halina midomo. Aliweza kulisema safi: "Jina langu ni Tito." Mengine yote aliyasema kwa deni. Maji yakawa "naji". Chimba ikawa "chinda". Baba akawa "dada", na mama akawa "nana".

"Kwani sauti naitupaje ifike kwake?" nilimwuliza Mratibu mwanzoni. Nilidhani kuna siri ya kifua.

"Hutupi kitu," akasema. "Sauti haitupwi, si jiwe. Inatoka kwako na inabaki kwako. Watu wanaona taya linacheza, macho yao yanaichukua sauti kwako yanampelekea yeye. Kazi wanafanya wao. Wewe unawaachia nafasi."

Na akanipa sharti moja. Alilisema akiwa amesimama, na si kawaida yake kusimama. "Asiseme Tito neno ambalo wewe huwezi kulisema kwa mdomo wako ulio wazi. Mti hauna aibu, binti. Aibu ni yako. Ukimtuma aseme usichokijua, hutajua umekaribisha nini."

Nilidhani ni maneno ya wazee.

Nilianzia tambarare. Hedaru, Makanya, na kaskazini hadi Lembeni, tunapanga mabenchi karibu na reli, Bwana Afya anatundika mabango yake ya picha za inzi na kinyesi, kisha anatukaribisha. Bwana Afya huyu alikuwa msimamizi wetu kwa upande wa serikali. Mrefu, kofia haitoki kichwani, mtu wa saa. Alitaka Tito aseme mambo ya choo na kuchemsha maji, basi, asiongeze.

Lembeni walimpenda Tito sana. Alimwangalia mzee mmoja mwenye tumbo akamwambia, "Dada, nyundani kwako choo kiko wati?"

Watu wakalia kwa kicheko. "Kakuita dada! Leo umepata mdogo wako!"

"Mwambie mimi ni baba!" mzee akanifokea mimi.

"Mwambie mwenyewe, mbona uko naye hapo," nikasema. Akamgeukia kweli. Akambishia Tito mpaka mwisho, kidole puani, na Tito anamwita dada tu, na yule mzee wiki iliyofuata alichimba choo. Mkewe alituletea ndizi akasema, "Mimi nimesema miaka, hakusikia. Kasikia mti."

Hapo mtu anaweza kucheka. Mimi pia nilicheka. Usangi tulipopanda, kule juu walikocheka kwa adabu na kuuliza maswali marefu kama wako mahakamani, nilicheka vilevile. Lakini usiku wa mawazo yangu lile neno la yule mama lilikuwa linarudi. Mkewe alisema yale yale niliyosema mimi. Sauti ya mke haikufika kwa sababu mumewe alijua inatoka kwa nani.

Kisha tukapangiwa milima ya kusini.

Kijiji chenyewe kiko juu ya Myamba, sitakitaja. Huko wanalima tangawizi na maharage kwenye miteremko ambayo mbuzi anapita kwa kufikiri, na maji yao yanatoka ndivani. Ndiva ni bwawa la wazee wetu, limezungushiwa udongo na mawe, usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, kila mwenye shamba na zamu yake. Likijaa tope kunapigwa mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya watu wote, na asiyetokea atalieleza baraza. Wapare hatuachi kitu kipite bila baraza. Bwana Afya akaona ndiyo siku nzuri: watu wote watakuwa pale, tope likitolewa wakae wapumzike, tuwafundishe.

Tulifika saa za asubuhi, ukungu unashuka na kupanda. Walipomaliza tope wakanawa, wakakaa kwenye ukingo wa ndiva, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na mimi kwenye kigoda mbele ya maji. Nikamtoa Tito sandukuni.

Hakuna aliyecheka.

Tito akasema jina lake. Kimya. Akawaita wanaume dada. Kimya, na maji ya ndiva nyuma yangu hata kutikisika hayatikisiki. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga akavuta khanga akamfunika mtoto mdomo. Si macho, mdomo. Wazee wa kike wakainuka mmoja mmoja, wakahamia nyuma. Bwana Afya ananionyesha kwa mkono, endelea, endelea. Nikaendelea. Unajua unavyosema na chumba ambacho unadhani kina mtu, kumbe hakina? Hiyo ilikuwa kinyume chake. Nilisema mahali nilipodhani hapana mtu, nikahisi yupo.

Nikageuza kichwa cha Tito kunielekea mimi, kama tunavyofanya sanamu anapotaka kunong'ona. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe yeye, nilimtazama mdomo kwa macho ya watu wale.

Fundi aliyemchonga Tito alikuwa mtu wa mbali, wa pwani. Alimchonga mwanzo na meno juu na chini. Lakini meno ya chini yalikuwa yanagonga ya juu taya linapopanda, yanatoa mlio wa kijiko kwenye sahani, basi akayapiga randa yakaisha. Akabaki na ya juu tu, mawili, meupe. Kwa fundi yule ilikuwa hesabu ya taya. Na mimi, Mpare mwenyewe, mzaliwa wa tambarare, niliyekuwa nikimwona Tito kwa ubavu na kisogo, sikuwahi kuliwaza.

Kwetu mtoto anayeota meno ya juu kwanza anaitwa kigego. Zamani za wazee, kabla dini haijaingia kila nyumba, walisema huyo anakuja kuumaliza ukoo. Alichukuliwa. Kulikuwa na jiwe alikoachwa. Hakurudi, na hakutajwa, na hakuliliwa, kwa sababu ukimlilia ni kumwita.

Na mimi nimewapandishia kigego mlimani, nimemvika shati, nimemkalisha mbele ya ndiva yao, naye anasema.

Ndipo akaja Bibi Nakijwa. Jina lake nililijua baadaye. Alikuwa mkongwe, ameinama, na alitembea akiwa ameziba mdomo kwa kiganja cha kushoto. Watu wakampisha. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alisimama mbele ya Tito, karibu kiasi cha kumgusa, akasema kupitia vidole:

"Umekuja kwa njia ipi?"

Bwana Afya akacheka. Alikuwa mtu wa Mwanza, hakujua. "Jibu, jibu!" akaniambia. "Bibi anataka mazungumzo!"

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba akiulizwa sanamu, sanamu ajibu upesi, maana kimya kinaua mchezo.

"Wanasema sikumbuki," Bibi akaendelea, na sasa alikuwa anawaambia wote ingawa macho yako kwa Tito. "Nakumbuka. Mama alikuficha. Alikufunga kitambaa hapa, akasema una mafua. Mimi ndiye mlezi wako, mimi ndiye niliyekubeba. Tukaja hapa hapa ndivani na mama, wanawake wanateka maji, wewe ukacheka mgongoni mwangu, kitambaa kikashuka. Nikafurahi. Mtoto mimi, nilijua nini? Nikasema kwa sauti, 'Mdogo wangu ana meno! Ana meno ya juu!'"

Kwa mkono wa kulia akaonyesha ukingo wa maji.

"Wanawake wakaweka mitungi chini. Mama akanipiga hapa." Akauondoa mkono mdomoni kidogo kutuonyesha, akaurudisha. "Jioni wakaja wazee. Ni mimi niliyesema. Maisha yangu yote nikisema neno naziba mdomo, wanangu wanadhani naumwa meno. Sasa wewe una sauti. Niambie. Unanijua? Au ulikuja kunidai?"

Nyie mnaouliza sanaa ni nini, mnaenda semina, mnarudi na vyeti. Mimi niliulizwa pale, mbele ya maji. Mwanamke yule alitaka neno moja tu, na nilikuwa nalo. "Dada." Halina midomo. Tito alikuwa amelisema mara nyingi kuliko jina lake. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, safi, halina deni hata la herufi moja, na lingemshusha mzigo aliobeba tangu utoto. Kidole changu cha kati kilikuwa kwenye uzi.

Nikakumbuka sharti. Je, naweza kulisema neno hilo kwa mdomo wangu wazi? Naweza mimi, mpishi wa Same, kumwambia mama huyu kwamba mtoto wa jiwe hana kinyongo? Nani kanituma? Huruma ya kumpa neno hilo nilikuwa nayo, haki ya kulitoa sikuwa nayo.

Nikaachia uzi. Nikafumba midomo, nikaibana kabisa, mbele ya watu wote, jambo ambalo msemeshaji halifanyi kamwe akiwa kazini. Taya la Tito lilikuwa limefungwa. Tulikuwa wawili tuliofunga midomo, na ukungu ukapita kati yetu na ndiva.

Bibi Nakijwa akashusha mkono wake.

"Abee," akasema.

Hivyo tu. Kama mwanamke anavyoitika akiitwa. Alisema kwa mdomo wazi, mdomo mtupu wa kizee, uliokuwa mweupe pembeni mahali pasipoona jua. Kisha akasema tena, kwa utaratibu, "Abee, baba. Nipo." Na nyuma yake mzee mmoja akavua kofia. Wale waliohamia nyuma wakaanza kulia, na hawakulia kwa woga. Walilia kilio cha msiba, kile cha kumwita mtu jina. Kilikuwa kimechelewa, lakini ndicho.

Nikageuka kumtazama Bwana Afya. Mabango yake yalikuwa chini kwenye tope, inzi wake wanatazama juu.

Tulishuka na gari la idara bila maneno mpaka tulipopita soko la Myamba. Hapo akasimamisha gari.

"Nani alikuruhusu kumwita yule bibi mama?"

"Sikumwita."

"Usinifanye mtoto. Nimesikia kwa masikio yangu. Sanamu imesema 'Mama.'"

"Imesema 'nana'?"

"Mama! Mama, mama, kwani mimi sijui mama?"

"Bwana Afya," nikasema, "Tito hana M."

Akanitazama. Alinisikia nikifanya kazi hii miaka, anajua naji, anajua nana. Niliona akili yake inakwenda pale ndivani, inatafuta midomo yangu, inaikuta imefumbwa.

"Ilisema hilo tu?" nikamwuliza.

"Kwa yule bibi, ndiyo."

"Na kwako?"

Akavuta kofia ikamfunika macho, akawasha gari. Hakunijibu siku ile wala nyingine. Ila tangu hapo, kila alipokuja kutukagua, hakukaa tena mbele ya Tito. Alikuja kusimama nyuma yangu, upande wa kisogo, pamoja na sanduku.

Baadaye nilirudi kwa Bibi Nakijwa, peke yangu, bila Tito. Nilitaka kumweleza ukweli, kwamba sikusema kitu. Akanimiminia chai ya tangawizi ya kukata koo.

"Najua hukusema," akaniambia. "Wewe ungesema dada. Wote wangesema dada. Yeye alikuwa hajui dada. Nilimbeba kutwa, mama yuko shambani, basi mimi ndiye alikuwa ananiita mama. Ma, ma, ma, hapa shingoni. Hilo sikumwambia mtu, hata mume wangu."

Nikaweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Kunywa," akasema. "Kinapoa."

Nilipomsimulia Mratibu, alikuwa anakaribia kustaafu na kamba za suruali yake zimelegea. Aliuliza jambo moja. "Midomo ilikuwa imefumbwa?"

"Imefumbwa, Mzee."

"Uzi?"

"Nimeuachia."

Akasema, "Basi umehitimu. Mimi nimetafuta siku hiyo miaka yangu yote sikuipata, kwa sababu nilikuwa najibu. Wengi wetu tunajibu. Tunadhani kazi ni kusema." Akafuta miwani. "Wewe ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Ndiyo ubaya wake. Aliyeshika hasikii. Mpishi hajui njaa ya wageni."

Maneno hayo yalinikaa kama mfupa. Watu wote pale ndivani walisikia. Nilikuja kuwauliza, na kila mmoja alikuwa na lake: huyu alisikia jina la mamaye, yule alisikia kicheko tu, mwingine alisikia maji yanafunguliwa. Wanabishana hadi leo, nasikia waliwahi kulipeleka barazani. Mimi peke yangu, niliyekuwa na mkono ndani ya mgongo wake, sikusikia hata pumzi.

Bibi Nakijwa hakuziba mdomo tena. Wanawe walikuja kunilalamikia kwamba sasa hanyamazi, amegombana na watu wawili juu ya zamu ya maji na ameshinda kesi zote mbili. Alipofariki walinitumia salamu: njoo, na mje wawili. Nilimbeba Tito kwenye khanga. Wakamketisha mkekani na wafiwa, shati limefuliwa. Mchungaji akasoma wasifu wa marehemu, akafika mahali pa waliobaki: "Ameacha watoto, wajukuu, vitukuu, na mdogo wake mmoja wa kiume." Mchungaji akaangalia karatasi. Akaangalia mkekani. Akaendelea na zaburi.

Mwaka mmoja ofisi ilitaka kumpeleka Tito kwa fundi awekewe meno ya chini, wakasema anatisha milimani. Nikawaambia, huyu amekataliwa mara moja kwa ajili ya meno. Sitamkataa mara ya pili. Wakaandika barua, nikaitumia kuwashia moto.

Nimestaafu sasa. Magoti yalitangulia, koo likafuata. Kazi nimemwachia Eliwaza, mwanamke wa makamo kutoka Mamba, niliyemfundisha kwa njiti ile ile, ana koo zuri na anajua kusikiliza. Kuniaga walifanya sherehe mchana kwenye uwanja wa shule hapa Same, mabenchi, maturubai, hotuba. Kiongozi mmoja akasema mimi nimekuwa sauti ya wasio na sauti. Nilitaka kusimama nimrekebishe, magoti yakakataa.

Kisha Eliwaza akapanda na Tito. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mbuzi, nikakaa mbele. Benchi la kwanza. Nilimwona kama watu walivyomwona: meno mawili, shati, macho yanayomtazama aliye nyuma yako. Nilijua kila uzi uliomo ndani yake. Najua mpira wa taya ulinunuliwa wapi. Nikajiambia, kwa kuwa unajua yote hayo, hutasikia kitu, bibi wewe, kaa utulie.

Eliwaza alikuwa hajaanza. Alikuwa anarekebisha kitenge, midomo imefumbwa, anatafuta mahali pa kukalia. Tito ameegemea bega lake, taya limefungwa, upepo unampeperusha kola.

"Abee," nikasema.

Watu wakageuka. Eliwaza akashtuka, akanitazama juu ya kichwa cha Tito. "Bibi, sijasema kitu."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Midomo yako nimeiona."

Nyie mtaniuliza nilisikia nini, kama nilivyomwuliza Bwana Afya barabarani pale Myamba, nikamchukia kwa kutonijibu. Leo simchukii. Nawaambia hili moja: lilikuwa neno fupi, na lilianza kwa midomo kukutana.